Jani si Dawa Mpaka Lipimwe

Katika masoko yetu ya mkoa wa Mara, tangu Bunda mpaka Mwigobero mjini Musoma, haikosekani pembe moja iliyotandikwa magunia na kupangwa juu yake magome, mizizi na unga wa majani uliofungwa katika vikaratasi. Muuzaji akiulizwa hutaja maradhi ambayo kila dawa yake huyatibu: tumbo, mgongo, ngiri, sukari, shinikizo la damu. Siku hizi, mwishoni mwa orodha hiyo, huongezwa neno ambalo zamani halikusikika sana sokoni, nalo ni saratani, au kansa kama wengi wetu tulivyozoea kuiita.

Muuzaji huyo hastahili kuchekwa. Baadhi ya dawa kubwa za saratani zitumikazo leo katika hospitali za dunia nzima zilitoka katika miti na maua, na mengine kati ya maua hayo yamechanua katika nyua zetu. Lakini mteja wake naye hana budi kuambiwa ukweli, kwa sababu anaweza kupoteza uhai kwa kuamini kwamba jani na dawa ni kitu kimoja. Baina ya hivyo viwili ipo safari ndefu, na safari hiyo ndiyo tunayotaka kumsimulia msomaji leo.

Uvimbe wa taya

Tuanze na jambo linalotuhusu sisi wakazi wa kando ya ziwa. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyekuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alitangaza habari za uvimbe ulioshambulia taya za watoto wa Kiafrika. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa motokaa maili zipatazo 10,000, wakipita hospitali moja baada ya nyingine kutoka Afrika Mashariki mpaka kusini mwa bara, wakiuliza ni wapi uvimbe huo unaonekana na ni wapi hauonekani. Walitambua kwamba unapatikana zaidi katika nchi za joto na mvua, na kwamba ni haba katika nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr, wakiwa London, walikiona kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo. Leo wataalamu wanaamini kwamba kirusi hicho na malaria ya mara kwa mara husaidiana katika kuuleta ugonjwa huu.

Mkoa wetu una ukurasa wake katika historia hiyo. Kati ya mwaka 1977 na 1982, katika sehemu za tambarare za Mara Kaskazini, watoto wenye umri wa chini ya miaka 10 walikuwa wakigawiwa vidonge vya klorokwini, ili ionekane kama kupunguza malaria kutapunguza pia uvimbe wa taya. Idadi ya wagonjwa ilishuka, na baada ya vidonge kusitishwa ikapanda tena. Wengine wangepiga vigelegele. Watafiti wale waliandika kwamba nafuu ya malaria haikudumu mpaka mwisho wa mradi, na kwamba matokeo yao hayakutosha kuwa uthibitisho kamili. Tunamwomba msomaji aukumbuke uungwana huo wa kukataa kudai kisichothibitishwa, maana tutauhitaji mbele ya safari.

Uvimbe huu ni adui mwenye mbio. Chembe zake huweza kuongezeka maradufu katika muda wa siku moja au mbili. Meno ya mtoto hulegea, shavu huvimba, pengine jicho husukumwa nje, na wakati mwingine ugonjwa huanzia tumboni pasipo mzazi kuona chochote usoni. Pamoja na mbio hizo, ni mojawapo ya saratani zinazokubali dawa vizuri, na mtoto akiwahishwa anaweza kupona kabisa. Dawa zenyewe huchanganywa kadhaa, na mojawapo huitwa vinkristini.

Ua la uani

Vinkristini inatoka wapi? Msomaji wa Musoma huenda amepita kando ya mmea wake asubuhi hii. Ni ule mche mfupi wenye majani ya kijani yanayong'aa na maua ya petali tano, meupe au ya rangi ya waridi, unaopandwa nyumbani kwa urembo na unaostahimili jua kali. Wataalamu huuita Catharanthus roseus, na asili yake ni kisiwa cha Madagaska.

Majani yake yalifika Kanada mwaka 1952 yakitoka Jamaica, ambako watu walikuwa wakinywa chai yake kwa ajili ya ugonjwa wa sukari. Robert Noble na Charles Beer waliyapima kwa wanyama. Sukari haikushuka, ila chembe nyeupe za damu zilipungua mno. Mtu mwenye haraka angeyatupa majani yale na kusema kuwa wenyeji walidanganyika. Wao walijiuliza: kitu kinachopunguza chembe nyeupe za damu, je, hakiwezi kumsaidia mgonjwa wa saratani ya damu, ambaye chembe hizo zimemzidi? Mwaka 1958 walitangaza kiini walichokiita vinblastini. Wataalamu wa kampuni ya Lilly ya Marekani, waliokuwa wakiufuatilia mmea huo huo, walipata ndugu yake, vinkristini, iliyoruhusiwa kutumika nchini humo mwaka 1963. Tangu hapo imekuwa nguzo katika matibabu ya saratani ya damu ya watoto, ugonjwa ambao zamani ulikuwa sawa na hukumu ya kifo, na ambao leo katika nchi tajiri watoto walio wengi huupona.

Hapo ndipo penye mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba maarifa ya wenyeji yalikuwa ya kweli kwa kiasi chake, kwani yaliuonyesha mmea wenye nguvu. La pili ni kwamba maarifa hayo hayakujua nguvu hiyo ni ya nini, wala ni kiasi gani. Kipimo ndicho kilichojibu.

Basi kwa nini mgonjwa asichemshe maua ya uani kwake akanywa? Jibu liko katika hesabu. Inakadiriwa kwamba ili kupata gramu moja tu ya vinblastini huhitajika zaidi ya nusu tani ya majani makavu. Vinkristini ni haba kuliko hiyo. Daktari anapomdunga mtu mzima vinkristini, kipimo cha mara moja kwa kawaida hakizidi miligramu 2, yaani kiasi kisichoonekana hata kwenye ncha ya kijiko. Kikizidi, dawa hiyo huumiza mishipa ya fahamu na kuweza kuua. Sufuria ya majani yaliyochemshwa ina kiasi gani? Hakuna ajuaye. Jana majani yalikuwa machanga, leo yamekomaa. Huku udongo ni mfinyanzi, kule ni kichanga. Mnywaji anaweza kupata kidogo mno kisimfae, au akapata sumu. Na pamoja na kile anachokitafuta, ananywa viini vingine vingi vya mmea huo ambavyo hakuviomba.

Shamba ndani ya chupa

Ugumu huu wa kupata dawa kidogo kutoka kwa majani mengi ndio uliowafanya wataalamu wafikirie njia nyingine. Mkulima wa migomba ataielewa upesi, kwa kuwa amekwisha kusikia habari za miche ya maabara, ambayo hutolewa kwenye kipande kidogo cha mgomba mzima na kukuzwa ndani ya chupa mpaka ikawa mingi, isiyo na magonjwa.

Kwa dawa, kazi huanza vivyo hivyo. Kipande cha jani au shina huoshwa kwa dawa ya kuua vijidudu, kikalazwa juu ya kitu laini kama uji ulioganda, chenye sukari, chumvichumvi na homoni za mimea. Baada ya majuma machache kidonda cha kipande kile huota bonge la chembe hai, au seli kama waziitavyo wataalamu. Bonge hilo si jani tena, wala si shina wala mzizi. Ni seli zinazozaana tu. Huhamishiwa kwenye maji yenye chakula, chupa ikatikiswa mchana na usiku ili hewa ipenye, kisha zikapelekwa katika pipa, na kutoka pipa kwenda tangi. Hatimaye huchokozwa kwa kemikali ambayo mmea wenyewe huitumia kujulishana kwamba umeng'atwa na wadudu. Seli zikidhani adui amefika, huanza kutengeneza sumu za kujilinda. Sumu hiyo ndiyo dawa tunayoitafuta. Hukamuliwa, ikasafishwa na kupimwa, na kila gramu hufanana na gramu iliyotangulia.

Mfano mkubwa wa ushindi wa njia hii ni dawa iitwayo paklitakseli. Gome la mti wake, Taxus brevifolia, lilichukuliwa katika misitu ya magharibi mwa Marekani mwaka 1962. Monroe Wall na Mansukh Wani walitangaza umbo la kiini chake mwaka 1971, na serikali ya nchi hiyo ikairuhusu dawa hiyo itumike mwaka 1992 kwa saratani ya mifuko ya mayai ya wanawake. Sasa hutumika pia kwa saratani ya matiti, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Lakini mti ukibanduliwa gome hufa, na mti mmoja wenye umri wa miaka mia haukutosha kumtibu mgonjwa mmoja. Laiti dunia ingeendelea kwa shoka, misitu ile ingekwisha na wagonjwa wangebaki palepale. Kwanza zilipatikana mbinu za kuanzia kwenye majani ya miti ya jamii hiyo, ambayo huchumwa na kuota tena. Kisha zikaja seli zilizokuzwa katika matangi makubwa nchini Ujerumani, na mwaka 2004 kampuni ya Bristol-Myers Squibb ilipewa tuzo na serikali ya Marekani kwa kuitengeneza dawa hiyo kwa njia hiyo.

Hata hivyo msomaji asije akadhani kwamba chupa inaweza yote. Ua letu la uani limewashinda wataalamu kwa miaka mingi. Seli zake zikiwa katika chupa hukubali kutengeneza nusu moja ya vinblastini, lakini nusu ya pili hazitaki, kwa kuwa kazi hiyo hugawanywa baina ya seli za aina mbalimbali ndani ya jani lililo hai, na bonge la chupani halina mgawanyo huo. Ndiyo maana dawa hii imeendelea kutoka mashambani. Mwaka 2022 kundi la watafiti lilitangaza kwamba limefaulu kuzifundisha seli za hamira kutengeneza nusu zote mbili, kisha zikaunganishwa maabara. Ni habari njema, ingawa kutoka chupa ya mtafiti mpaka dirisha la dawa bado ni mbali.

Mti wa Shimba

Kuna kisa kingine kilicho karibu zaidi nasi, nacho kinafundisha subira. Katika miaka ya 1960 na 1970 Wamarekani walikusanya mimea kutoka pande nyingi za dunia ili kutafuta dawa za saratani. Kutoka Ethiopia walichukua mti wa jamii ya Maytenus, na mwaka 1972 Morris Kupchan alitangaza kiini chake, maytansini, chenye nguvu ya kutisha katika kuua seli za saratani. Ilipoonekana kwamba mti wa jamii hiyo uliomo katika vilima vya Shimba, kusini mwa Mombasa, una kiini hicho kwa wingi zaidi, tani nyingi za miti zilikatwa huko na kusafirishwa ng'ambo.

Matokeo yalikuwaje? Wagonjwa walipopewa maytansini walidhurika vibaya, na faida ilikuwa ndogo. Dawa ikawekwa kando. Miaka mingi baadaye wataalamu walipata akili ya kuifunga kwenye kinga ya mwili iliyotengenezwa maabara, ambayo huitambua seli ya aina fulani ya saratani ya matiti na kuipelekea sumu ile ndani yake, huku seli nyingi zilizo nzima zikisalimika. Dawa hiyo iliruhusiwa Marekani mwaka 2013. Na la kustaajabisha ni kwamba mti haukuhitajika tena, kwa kuwa viini vya ukoo huo hutengenezwa na bakteria ndani ya matangi. Watafiti wameonyesha kwamba hata katika mti wenyewe, wenye kuifanya kazi hiyo ni vijidudu vinavyoishi katika mizizi yake.

Miti ya jamii hiyo inaota pia katika nchi yetu. Asije mtu akakimbilia kuikata baada ya kusoma makala haya, kwa maana udugu wa miti si udugu wa dawa, na sumu iliyowashinda madaktari wenye mizani haitatiiwa na sisi wenye sufuria.

Kisahani na mwili

Mara kwa mara husikika redioni au kusomwa magazetini kwamba mti fulani "umethibitishwa kuua kansa". Msomaji akisikia hivyo aulize swali moja tu: umeiua wapi? Kwa kawaida jibu ni kwamba maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye mti huo yalidondoshwa juu ya seli za saratani katika kisahani cha maabara, zikafa. Hiyo ni hatua ya kwanza, nayo si ya kudharauliwa. Lakini chumvi nyingi huziua seli hizo, na dawa ya kufulia nguo huziua pia. Kazi si kuiua seli ya saratani. Kazi ni kuiua hiyo na kumwacha mwenye mwili akiwa hai. Baada ya kisahani huja wanyama, kisha watu wachache, kisha watu wengi wakilinganishwa na wengine. Katika uchunguzi ule wa Wamarekani, kati ya mwaka 1960 na 1982, maji na viini zaidi ya 100,000 kutoka kwa mimea vilipimwa. Vilivyofika hospitalini vikawa dawa vinahesabika kwa vidole.

Sisi tunao ushuhuda wetu wa gharama ya kuiruka safari hiyo. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu, wakiwemo wa kanda yetu ya ziwa, walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kilichosemwa kuwa kinaponya maradhi sugu, saratani ikiwa miongoni mwake. Wapo walioacha dawa zao za hospitali. Hatusemi kwamba waliokwenda walikuwa wajinga; walikuwa wagonjwa, na mgonjwa hushika hata unyasi. Tunachosema ni kwamba saratani haimsubiri mtu amalize kujaribu. Mwezi mmoja wa kikombe kwa mtoto mwenye uvimbe wa taya ni mwezi ambao adui amejizidisha mara nyingi.

Wajibu wetu

Kwanza, mzazi anayeona uvimbe katika taya, tumbo au shingo ya mtoto, na mwanamke anayeona kifundo katika titi au kutokwa damu kusiko kwa kawaida, asianzie sokoni. Aanzie zahanati iliyo karibu, apelekwe hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko Kwangwa, Musoma, na ikibidi Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Kama amekwisha kunywa dawa ya miti, amwambie daktari bila kuona haya, kwa kuwa dawa mbili zikikutana mwilini zinaweza kugombana. Na daktari naye asimkaripie, maana mgonjwa aliyekaripiwa leo, kesho ataficha.

Pili, waganga wa tiba asili wana heshima yao, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 imewawekea utaratibu na baraza lao. Mganga mwema ni yule ajuaye mpaka wa maarifa yake. Anayempeleka mtoto mwenye uvimbe hospitalini siku ile ile ameokoa maisha sawasawa na daktari atakayemdunga sindano.

Tatu, tusiitupe hazina. Wazanaki, Wajita, Wakurya, Waikizu na Waluo wa mkoa huu wanayo majina na matumizi ya mimea mingi, na wengi wa wanaoyajua ni wazee. Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili, iliyoanza mwaka 1974 ikiwa kitengo cha utafiti, imeonyesha kwamba kazi ya kuandika na kupima mambo haya inawezekana hapa nchini. Sasa Butiama pana Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere. Maabara ya kukuzia seli za mimea ni chombo cha kilimo kabla ya kuwa chombo cha tiba: chumba kile kile kinachoweza kumpa mkulima mche wa mgomba au mbegu safi ya muhogo, ndicho kinachoweza kuhifadhi mti adimu na kujaribu viini vyake bila kuukata. Kijana wa Bunda akijifunza kazi hiyo Butiama, hatakuwa mkata magome wa kampuni ya mbali.

Nne, tulinde misitu na haki yetu pamoja. Msitu mdogo wa Muhunda, pale Butiama, umesalia kwa sababu mila iliukataza mkono wa mkataji, na mila hiyo imefanya kazi ambayo mabango hayaiwezi. Aidha, Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 imeweka kanuni kwamba anayechukua mmea au maarifa ya wenyeji aombe idhini, na faida igawanywe kwa haki. Lakini kanuni humsaidia yule aliyekwisha kuandika alicho nacho. Asiyejua mali yake hawezi kuidai.

Pale Mwitongo, Butiama, amelazwa Mwalimu Nyerere, aliyefariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu. Wengi hufika hapo kutoa heshima. Umbali si mrefu kutoka kaburi hilo mpaka chuo kilichopewa jina lake, na hakuna awezaye kuahidi kwamba dawa itapatikana katika njia hiyo. Kinachoweza kuahidiwa ni kidogo zaidi, nacho chatosha kuanzia: kwamba tutapima kabla ya kusema, na kwamba mtoto mwenye uvimbe hatangojeshwa nyumbani wakati sisi tukibishana juu ya majani.